Ndege Iliyoanguka Mbalibali

Siku ile nilikuwa nachanja kuku. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika muda si mrefu, saa nane mchana hivi, nami nilikuwa nimejibanza chini ya paa la jiko la mtu, kisanduku cha barafu katikati ya miguu, nikiwadondoshea kuku chanjo ya mdondo machoni, tone moja moja. Mimi ni afisa mifugo wa kata. Nimezaliwa Tarime, nikapangiwa kazi Serengeti, na miaka imepita mingi kiasi kwamba watu wa Mbalibali hawaniiti tena kwa jina. Wananiita Daktari, na wakitaka kunikumbusha nafasi yangu wanaongeza, "wa ng'ombe".

Nikiwa na jogoo mkononi nikasikia king'ora. Likapita gari la polisi. Likafuata gari la askari wa wanyamapori. Nyuma yao likaja la zimamoto, jekundu, linayumba kwenye tope kama ndama mwenye ugonjwa wa ndigana. La mwisho, gari la wagonjwa, likasimama mbele yangu na muuguzi mmoja wa makamo akatoa kichwa dirishani.

"Mama, wewe ndiye daktari?"

"Wa mifugo," nikamjibu.

"Panda!"

"Nimesema wa mi..."

"Panda mama, watu wanakufa!"

Nikamwachia jogoo, nikapanda.

Ndani mlikuwa na machela mbili na mtungi wa oksijeni. Muuguzi alikuwa akihesabu bandeji kwa sauti, akifika kumi na nne anaanza upya. Aliniambia ndege imeanguka kwenye boma la bibi mmoja, pengine ni ya watalii. Zile ndege ndogo za kupeleka wageni mbugani tunaziona kila siku, zinapita chini mpaka unaweza kuona matumbo yake. Nikaanza kujiuliza, mimi na dawa zangu za kuku, nitamfanyia nini mtu aliyedondoka kutoka mawinguni.

Jinsi mambo yalivyoanza nilikuja kuambiwa baadaye na mtendaji wa kijiji, ambaye kwa wiki kadhaa hakutaka hata kuulizwa habari za simu aliyopiga. Ni kwamba yule bibi, mjane anayeishi na ng'ombe wake na wajukuu waliokuwa shule siku hiyo, alimpigia simu na kumwambia, kwa Kiswahili alichojifunza ukubwani, "Mtendaji, ndege imeanguka kwangu."

Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili angemuuliza papo hapo: bibi, imeanguka au ameanguka? Mwenye manyoya huanguka, ya chuma nayo huanguka, na tofauti yao inabebwa na silabi moja tu. Lakini huku kwetu Kiswahili tunakivaa juu ya lugha zetu kama koti la kuazima, mikono mirefu au mifupi, ilimradi limefunika. Kwetu ng'ombe "imekufa" na mwalimu "imefika", na hakuna anayeumia. Bahati mbaya mtendaji ni mtu wa shule. Alisikia "imeanguka", akaiamini sarufi.

Akapiga simu wilayani. Akawa na simu mbili, moja kila sikio, wilaya kulia na bibi kushoto.

"Imeungua?" wakamuuliza kulia.

Akauliza kushoto, akarudisha jibu: "Hapana mheshimiwa, imelowa."

"Mabawa je?"

"Yapo yote mawili. Moja limelegea."

"Ndani mna watu wangapi?"

Hapo bibi akamuuliza mtendaji kama amelewa. Mtendaji akaripoti, "Bibi yuko kwenye mshtuko."

"Ina namba?"

"Ina namba, ndiyo. Anasema iko mguuni."

"Mguuni?"

"Nadhani anamaanisha kwenye gurudumu, mheshimiwa."

Ndiyo maana magari yakaja manne.

Hatua kama mia hivi kabla ya boma, gari la zimamoto likazama mpaka mhimili, likalala upande. Sisi wengine tukashuka tukakimbia. Majirani nao walikuwa wanakimbia kutoka kila upande, na majembe, na ngazi moja ndefu, sijui ya kupanda wapi. Tulipofika, bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi anapukuchua mahindi.

"Shikamoo bibi," afande aliyeongoza msafara akamsalimu, pumzi zikimpaa.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja wengi."

"Ndege iko wapi?"

"Nimeifunikia. Mbwa ingekula."

"Mbwa?" afande akauliza.

Bibi akajipangusa mikono kwenye kanga, akainama, akafunua tenga la kubebea kuku.

Nimeona viumbe wengi katika kazi yangu, na ndama mwenye vichwa viwili ni mmoja wao, lakini yule sikumjua. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wa tetea, ila mabawa yalikuwa marefu kupita kiasi, ameyakunja mpaka ncha zimepishana juu ya mkia. Mgongo ulikuwa wa rangi ya moshi, tumbo jeupe pe, kipaji cha uso cheupe. Mdomo ulikuwa mfupi, mnene, mweusi, na ncha yake imejikunja kama ndoana. Juu ya mdomo huo palikuwa na vijibomba viwili, kana kwamba pua ilisahaulika wakati wa kuumbwa ikaja kubandikwa baadaye. Kwenye mguu mmoja alivaa pete ya chuma yenye herufi na tarakimu.

Alitutazama mmoja mmoja kama karani anayetazama foleni saa tisa na nusu. Kisha akafungua mdomo akatapika mafuta ya rangi ya chungwa juu ya kiatu cha afande. Harufu yake ilikuwa ya samaki aliyesahaulika kwenye begi.

Nyuma yetu akafika mtu wa zimamoto, tope mpaka magotini, shoka mkononi. "Moto uko wapi?" akauliza.

Nilifikiri tutacheka, turudi. Lakini afande alikuwa ametoka na magari manne, na mtu aliyetoka na magari manne harudi mikono mitupu. Akaagiza eneo lizungushiwe utepe. Akatoa daftari, akaanza kuandika maelezo ya bibi.

"Ilikuwa inatoka wapi?"

"Juu."

"Ikielekea?"

"Chini," bibi akasema. Afande akaandika.

Jioni ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, wakakuta utepe umekatiza mlango wa zizi lao, wakasimama pale wanaulamba. Ikabidi tuwasubiri maksai wawili wa bibi yule yule wafungwe minyororo, wakalivute gari la zimamoto. Waliling'oa bila haraka, na dereva akawapigia honi ya shukrani, wakashtuka wakalirudisha tena topeni. Mara ya pili hakupiga.

Kabla ya kuondoka afande akauliza, "Daktari ni nani hapa?" Muuguzi akanionyesha kidole. Katika watu wote waliosafiri siku ile, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mahali pangu. Nikakabidhiwa ndege, nikatia sahihi.

Ofisi yangu ni chumba kimoja chenye friji ya chanjo na kalenda ya dawa za kuogeshea mifugo. Nilimweka kwenye boksi la katoni, nikatoboa matundu. Nikaipiga picha ile pete. Maandishi hayakuwa ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Picha nikamtumia mtu niliyesoma naye chuo, naye akamtumia mwingine, na kesho yake asubuhi nikapigiwa simu na dada mmoja wa Dar es Salaam, mtafiti wa ndege wa baharini. Hakuanza hata na salamu.

"Dada, yuko hai?"

"Yuko hai. Ananinunia."

Nikasikia pumzi inatoka, halafu akaanza kulia. Nilisimama pale na simu sikioni nikimsikiliza mtu nisiyemjua akimlilia kiumbe kilichokuwa kimechafua jalada langu la takwimu za mbuzi.

Alipotulia akanieleza. Ni ndege wa bahari kuu, hagusi nchi kavu isipokuwa kwa kuzaa. Na anazaa mahali pamoja tu duniani, kisiwa kimoja chenye milima mirefu, mbali kusini mashariki, anachimba shimo kwenye miamba juu kabisa. Vifaranga wakitoka kwenda baharini mara ya kwanza, wanaona taa za miji wanadhani ndizo bahari inayong'aa, wanashukia barabarani. Wanaobaki huko juu wanawindwa na paka na panya. Wako katika hatari ya kutoweka. Wiki ile, kama redio ilivyosema, kimbunga kilipiga baharini. Huyu alibebwa na upepo juu ya nchi nzima mpaka upepo ulipomchoka.

"Na usimrushe juu," akaniambia. "Kwenye uwanda hawezi kuruka. Anataka bahari yenye upepo mkali. Usimpe mkate, usimpe maziwa."

Nikampa maji ya glukosi kwa bomba la sindano isiyo na ncha, na vipande vyembamba vya sangara waliotoka Musoma. Alivila kwa dharau.

Bibi alikuwa anakuja kila siku kumwona mgeni wake. Nilimsimulia yote. La kimbunga halikumshangaza. Kilichomshangaza ni yai.

"Moja?"

"Moja kwa mwaka, bibi. Baba na mama wanapokezana kulilalia."

"Kuku yangu ikitaga yai moja kwa mwaka naipeleka sufuriani." Akatazama ndani ya boksi muda mrefu. "Hii sasa isichinjwe."

Nilimhakikishia hatachinjwa. Ndipo akaona tone la maji limening'inia kwenye ncha ya mdomo. "Inalia," akasema. Nikamweleza kwamba ndege hawa hunywa maji ya bahari, na chumvi inayozidi hutokea puani. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi, na nje mtendaji alikuwa anapita.

Tangu siku ya magari manne mtendaji alikuwa anatafuta namna ya kurudisha heshima yake. Siku iliyofuata nikakuta karai kubwa la zege mbele ya ofisi, limejaa maji, na foleni ya akina mama, kila mmoja na chumvi kidogo kwenye karatasi. Alikuwa ametangaza kwamba mgeni wa kijiji anakufa kwa kukosa bahari, na kila kaya ichangie. Wakawa wanamimina, yeye anakoroga na mpini wa jembe. Tatizo likawa moja. Hakuna aliyejua bahari ina ladha kiasi gani.

Akatumwa bodaboda Mugumu mjini kumleta fundi cherehani.

Huyu fundi ni mzee wa Kiislamu, kofia yake nyeupe haijawahi kuwa na doa, na Mugumu nzima inamwita Mtu wa Pwani. Ukimpelekea suruali apunguze, unatoka na habari za papa na za maji kupwa na kujaa. Alishuka kwenye pikipiki taratibu. Tukamwamkia. Mtendaji akamkabidhi kikombe. Mzee akaonja, akafumba macho.

"Ongezeni kidogo," akasema.

Watu wakapiga makofi. Wakaongeza. Akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaomba kumwona ndege faragha. Nikamwingiza ofisini, nikafunga mlango.

"Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "nikwambie neno, libaki humu humu?"

"Libaki, mzee."

"Mimi bahari sijawahi kuiona."

Nikakaa kwenye kiti.

"Nimezaliwa Tabora. Baba ndiye aliyekuwa wa pwani, na alifariki mimi mdogo. Siku ya kwanza nafika Mugumu, watu waliona kofia, wakasikia Kiswahili changu, wakasema huyo ni Mtu wa Pwani. Nikasema nitawasahihisha kesho. Kesho hiyo ikawa miaka thelathini." Akavuta kiti karibu na boksi, akaliinamia. "Kwa hiyo huyu ndiye katoka huko kweli."

"Ndiye."

Akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama shahidi anayeweza kumuumbua. "Pole na safari," akamwambia.

Alikaa naye karibu nusu saa. Alipotoka, watu walimuuliza ndege amesema nini, akawajibu kwamba wameelewana. Jioni tulimweka ndege kwenye karai mara moja tu, ili kuwaridhisha waliochanga. Alikaa katikati ya bahari ya Mbalibali dakika nzima bila kujitikisa, akajisaidia, akageukia ukuta.

Dada wa Dar alikuwa amepata nafasi kwenye ndege ndogo inayotoka uwanja wa mbugani kurudi pwani na watalii. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kusafirisha mnyama, na kibali kinatolewa na mimi, kwa hiyo nilidhani hapo hapana shida. Nikafungua mfumo kwenye kompyuta. Aina ya mnyama: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku. Nikabonyeza kuku. Ukauliza, wa kisasa au wa kienyeji? Nilifikiri sana. Kiumbe aliyezaliwa juu ya miamba ya kisiwa katikati ya bahari nikamwandika kuku wa kienyeji, Mbalibali. Sababu ya safari: mnada, machinjio, kufuga. Palikuwa na mstari wa maelezo ya ziada, nikaandika "kurudi kwao". Mfumo ukaukataa mstari huo kwa sababu una maneno pungufu ya matano. Nikaandika "anarudi kwao baharini alikotoka zamani", ukakubali.

Bibi akasema atamsindikiza, kwa kuwa aliangukia kwake, akabeba na mkungu wa ndizi wa safari. Mtendaji naye akaja, na shati la mikono mirefu. Getini askari akachungulia ndani ya gari.

"Mnaelekea wapi?"

"Tunapeleka ndege," mtendaji akasema.

"Ndege gani?"

"Inayopanda ndege."

Askari akatutazama, akamtazama bibi na mkungu wake wa ndizi, akafungua geti. Nadhani aliona kuuliza zaidi kutamchosha.

Rubani alikuwa mwanamke, Mtanzania, mchapakazi wa maneno machache. "Uzito?" akauliza. Nilikuwa nimempima kwa mzani wa vifaranga: gramu mia tatu themanini. Akaandika. "Jina la abiria?" Nikamwambia hana. Akafikiri, akaandika "Ndege", akapiga mstari chini yake. Watalii wawili wazee, mume na mke, wakaomba kumpakata. Walikuwa wametoka mbali kuja kuona simba, na nilipowaona kupitia kidirisha wakati injini inawaka, wote wawili walikuwa wamelifungua boksi kidogo na kuinamisha vichwa, hawana habari na mbuga iliyokuwa nje.

Bibi aliinua mkono akasema kitu kwa Kikurya, taratibu, mpaka vumbi la uwanja likatulia. Mtendaji alikuwa anafuta macho. Alisema ni mchanga.

Siku mbili baadaye ikaingia video kwenye simu yangu. Nikaenda nayo mpaka kwa bibi, tukakaa kwenye kivuli cha nyumba. Ni ya sekunde chache. Inaonyesha ukingo wa boti ya injini, kiwiko cha mtu, na maji yanayopanda na kushuka. Ndege yuko kwenye viganja vya yule dada, uso kwenye upepo. Anakaa tu. Dada anamwambia, "Haya, nenda baba." Anakaa. Kisha anajiachia, anadondoka kama kitambaa, unadhani amezama, na ghafla mabawa yale marefu yanafunguka yote. Anagusa wimbi mara moja, analala upande mmoja na upepo, na picha inatikisika kwa sababu aliyeishika simu anaruka ruka. Ukisikiliza vizuri utamsikia mtu anacheka na kulia pamoja.

Bibi akaomba nirudie. Nikarudia mara nne.

"Sasa iko wapi?"

"Ameshakwenda, bibi."

"Itafika kwao?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Yule dada mwenyewe hajui. Ni bahari kubwa, na mwaka huu huenda akafika kwenye shimo lake, huenda mwenzake amemngoja, huenda hakungoja.

"Kwao ni upande gani?"

Niligeuka huku na huku, nikanyoosha mkono kulia kwa jua linapochomoza, kwa kukisia. Bibi akatazama huko muda kidogo, kwenye vilima na mashamba ya mtama.

"Mbali," akasema.

Akainuka, akajishika kiuno, akaniambia kuna kuku wake mmoja tangu juzi hataki kula, amejikunyata nyuma ya ghala. Nikachukua mkoba wangu, nikamfuata.